Podi Ikianguka, Usiifute: Mwongozo kwa Wenye Mkono Mwepesi

Kila timu inayoendesha klasta ya Kubernetes ina Mfutaji wake, nawe unamjua. Podi ikianza kuyumba, mkono wake umeshatangulia kwenye kibodi: kubectl delete pod, bonyeza, basi. Podi mpya inazaliwa, inasimama sekunde chache, inaanguka. Anaifuta nayo. Ukimuuliza shida ilikuwa nini, anajibu kwamba "ilikwama tu". Mwongozo huu ni wake. Nitamtania bila huruma, kama mtani anavyotania msibani: maneno ni makali, lakini jembe la kuchimbia kaburi kalishika yeye.

Ubaya wa kufuta ni huu. Kontena likianguka, Kubernetes huliwasha upya ndani ya podi ileile, na logi za lile lililokufa hubaki zimehifadhiwa. Unazipata kwa kuandika kubectl logs, jina la podi, kisha --previous. Ukiifuta podi, logi hizo zinakwenda nayo. Kama timu yenu haina mfumo wa kukusanya logi mahali pengine, basi umefuta ushahidi pekee uliokuwapo, na umeufuta kwa mkono wako. Matukio nayo, yale yanayojitokeza mwishoni mwa kubectl describe, kwa mpangilio wa kawaida hutunzwa saa moja tu. Ukienda kwanza kwenye kikao cha kujadili tatizo, utarudi ukute hayapo.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, hifadhi vitu vitatu kwenye faili: describe ya podi, logi za sasa, na logi za --previous. Kazi hiyo haifiki dakika moja. Hata kama bosi amesimama nyuma ya kiti chako anauliza kwa mara ya tano "vipi, imerudi?", dakika hiyo ni haki yako, na ni haki ya wateja ambao hawataki tatizo lilelile liwarudie kesho.

Sasa soma. Neno CrashLoopBackOff limewatia vijana wengi hofu kuliko linavyostahili. Si jina la ugonjwa. Linasema tu kwamba kontena limeanguka tena na tena, na Kubernetes inavuta subira kabla ya kuliwasha: sekunde 10, kisha 20, kisha 40, ikizidisha maradufu mpaka dakika 5. Likisimama dakika 10 bila kuanguka, hesabu inaanza upya. Anayetafuta mtandaoni dawa ya CrashLoopBackOff atapata dawa mia, kwa kuwa sababu zake nazo ni mia. Sababu yako wewe imeandikwa kwenye describe, penye Last State, na hasa kwenye namba iliyo mbele ya Exit Code.

Namba hiyo ni ndogo na inasema mengi. Ikiwa 1, mara nyingi programu yenyewe ndiyo iliyokata tamaa, na maelezo yamo kwenye logi. Ikiwa 127, kontena limeagizwa kuendesha amri ambayo haimo ndani yake; kagua tahajia na njia ya faili. Ikiwa 126, faili lipo lakini haliruhusiwi kuendeshwa. Ikiwa 0, programu haikuanguka kabisa: ilimaliza kazi yake ikatoka salama, na wewe uliiweka kwenye Deployment, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kitu kinasimama siku zote. Programu ya kufanya jambo moja na kuondoka mahali pake ni Job. Nimeona watu wakipekua msimbo siku nzima kutafuta kosa ambalo halikuwamo, kwa sababu hawakuitazama sifuri hiyo.

Ikiwa 137, polepole. Hapo ndipo anapotokea ndugu yake Mfutaji, yaani Mwongezaji. Amesikia kwamba 137 maana yake ni kuishiwa memori, basi anapandisha kikomo kutoka megabaiti 512 hadi gigabaiti 1, wiki ijayo 2, mwezi ujao 4, na bili ya wingu inapanda pamoja naye. Namba 137 ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ishara ya Linux ya kuua mchakato papo hapo. Kwa nini umeuawa ni swali jingine. Kama penye Reason pameandikwa OOMKilled, ni kweli memori imevuka kikomo. Kama hapakuandikwa hivyo, huenda kontena liliombwa lizime kwa adabu, likapewa sekunde 30 za kawaida, halikuzima, likauawa. Hapo kuongeza memori hakusaidii chochote. Kinachotakiwa ni programu ijifunze kuitikia ishara ya kuzima: imalize maombi iliyoyashika, ifunge miunganisho ya hifadhidata, iondoke.

Na hata pale penye OOMKilled ya kweli, uliza kwanza memori inapanda vipi. Ikipanda taratibu kwa saa nyingi bila kushuka, kuna uvujaji, na kikomo kipya kitaahirisha tu saa ya kuanguka. Ikiruka ghafla, kuna ombi moja zito: labda ripoti ya mwezi inayovuta jedwali zima la hifadhidata kwa mkupuo. Wanaotumia Java wana mtego wao. JVM isipoelekezwa, hujiwekea hipu ya juu kabisa ya robo ya memori ya kontena. Mtu akiona robo ni kidogo, anaifanya hipu iwe sawa na kikomo chote, akisahau kwamba nyuzi za utekelezaji, metadata ya klasi na bafa za mtandao nazo zinakula memori nje ya hipu. Acha nafasi. Na tafadhali angalia herufi. Katika Kubernetes, 512Mi ni mebibaiti 512. Lakini 512m, kwa herufi ndogo, ni sehemu 512 kati ya elfu moja za baiti, yaani pungufu ya baiti moja. Hakuna programu duniani inayokaa humo.

Kuna kosa jingine linaloniuma kuliko yote haya, kwa sababu linafanywa na watu makini waliokusudia mema. Ni kile kipimo cha uhai, livenessProbe. Kubernetes huigonga programu kila baada ya sekunde 10 kuuliza kama iko hai. Isipojibu ndani ya sekunde 1 mara tatu mfululizo, kontena linawashwa upya. Hizo ndizo namba za kawaida usipozibadilisha. Mhandisi makini anaona ni vyema kipimo hicho kipitie pia kwenye hifadhidata, ili kuwa na uhakika kwamba kila kitu kiko sawa. Mambo yanakwenda vizuri miezi kadhaa. Kisha mwisho wa mwezi unafika, mishahara imeingia, watu wanalipa kodi na ada za shule kwa simu, na hifadhidata inapungua kasi kidogo. Majibu yanachukua sekunde moja na nusu. Podi zote zinashindwa kipimo kwa wakati mmoja. Kubernetes, kwa utiifu, inaziwasha upya zote. Zinapoamka, kila moja inafungua miunganisho mipya kwenye hifadhidata ileile iliyokuwa imechoka, na sasa hifadhidata imechoka zaidi. Kilichokuwa ucheleweshaji wa nusu sekunde kimegeuka kuwa kuzimika kwa huduma nzima, na aliyekizima ni mlinzi tuliyemwajiri sisi wenyewe.

Kipimo cha uhai kiulize jambo moja tu: je, mchakato huu umeganda kiasi kwamba kuuwasha upya kutasaidia? Hifadhidata haiponi kwa programu kuwashwa upya, basi isiwemo humo. Kama podi haiwezi kuhudumia kwa sasa, kazi hiyo ni ya kipimo cha utayari, readinessProbe, ambacho huiondoa podi kwenye foleni ya wateja bila kuiua. Hata hicho nacho kina hatari yake ukikifunga kwenye hifadhidata moja inayotumiwa na podi zote, kwa kuwa zote zitaondoka foleni pamoja. Na kama programu yako inachukua dakika mbili kuamka, usiweke ucheleweshaji wa kukisia kwenye kipimo cha uhai. Weka startupProbe, ambayo imekuwa thabiti tangu toleo la 1.20, iisubiri mpaka isimame ndipo vipimo vingine vianze.

Podi inayokaa Pending haina logi, kwa hiyo usizitafute. Haijawashwa popote. Describe itakwambia nodi ngapi zimekataa na kwa nini. Jambo linalowakanganya wengi ni kwamba mpangaji wa Kubernetes hatazami matumizi halisi; anatazama kilichoombwa kwenye requests. Nodi inaweza kuwa inatumia asilimia 20 ya prosesa zake na bado ikasemwa imejaa, kwa sababu timu zimeomba kingi kisha hazikitumii. Hili ni suala la kukaa na kuzungumza na timu nyingine. Hakuna amri inayolimaliza.

ImagePullBackOff ni rahisi zaidi: jina au toleo la imeji limeandikwa vibaya, au ghala ni la faragha na podi haina ufunguo, au umefikia kikomo cha kupakua, jambo ambalo Docker Hub ilianza kuliwekea mipaka Novemba 2020. Imeji ikishuka salama lakini kontena likafa hapohapo kwa maneno "exec format error", muulize aliyeijenga anatumia kompyuta gani. Tangu Apple ilipoingiza chipu ya M1 mwishoni mwa 2020, imeji nyingi hujengwa kwa ajili ya prosesa za ARM na kupelekwa kwenye seva za x86.

Nenosiri la hifadhidata linakataliwa, ingawa umelinakili herufi kwa herufi? Kabla hujamlaumu msimamizi wa hifadhidata, angalia ulivyoligeuza kuwa base64. Amri ya echo huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, na alama hiyo haionekani kwa macho lakini imo ndani ya Secret. Tumia printf au echo -n. Urafiki mwingi kati ya idara mbili za kompyuta umevunjwa na alama hiyo moja.

Kisha kuna tatizo la aina nyingine: podi zote ni Running, zote ni za kijani, na mteja hapati kitu. Mfutaji hapa hupotea kabisa, maana hakuna kilicho chekundu cha kufuta. Anza kwenye Service. Service huzipata podi kwa lebo, na lebo zikitofautiana hata kwa herufi moja, Service itabaki imesimama bila podi hata moja nyuma yake, na hakuna atakayepiga kelele. Andika kubectl get endpointslices uone kama kuna anwani. Hakuna? Linganisha lebo. Zipo? Linganisha targetPort na mlango ambao programu inausikiliza kweli. Na hakikisha inasikiliza kwenye 0.0.0.0; programu inayosikiliza kwenye 127.0.0.1 inajisikiliza yenyewe ndani ya podi yake. Zingatia pia jinsi muunganisho unavyokataliwa. "Connection refused" kwa kawaida ni kwamba umefika mlangoni ila hakuna anayesikiliza. Kusubiri hadi muda kwisha mara nyingi ni kwamba kuna sera ya mtandao au ukuta wa moto unaomeza pakiti njiani. Hizo ni njia mbili tofauti za upelelezi, na anayezichanganya hupoteza mchana mzima.

Sasa saa. Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, na sielewi kwa nini halifundishwi siku ya kwanza. Makontena mengi huandika logi kwa UTC. Sisi tuko saa 3 mbele, na juu ya hapo tunahesabu saa kuanzia macheo. Mama wa duka la jumla Kariakoo anapiga simu kwamba alikatwa pesa saa tatu usiku na mzigo haukuthibitishwa. Mhandisi anageuza kichwani kuwa 21:00, anafungua logi za 21:00, anakuta kimya, anafunga malalamiko kwa kuandika "haikuthibitika". Kosa lilikuwa kwenye logi za 18:00, limeandikwa wazi, na mama yule amepoteza pesa yake. Ukitaka hesabu ya haraka, toa tatu kwenye saa ya UTC na upate saa ya Kiswahili: 18 toa 3 ni 15, ondoa 12, saa tatu. 12:00 ni saa tisa alasiri. 05:00 ni saa mbili asubuhi. Jibu likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12, na inakubali kila wakati.

Ratiba nazo zimo kwenye mtego huohuo. CronJob iliyopangwa saa sita za usiku bila kutaja ukanda wa saa, kwenye klasta inayofuata UTC, itaanza saa tisa usiku kwetu, na ripoti ya siku itakuwa imechanganya miamala ya siku mbili. Sehemu ya timeZone imekuwa thabiti tangu toleo la 1.27 la mwaka 2023. Andika Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi na ulale.

Wakubwa nao hawakusalimika, na ninataja kisa kimoja kwa sababu kinafundisha kuliko mafunzo mengi ya kulipia. Tarehe 14 Machi 2023 Reddit ilizimika kwa dakika 314. Wahandisi wake walikuwa wanapandisha klasta kutoka toleo la 1.23 kwenda 1.24. Hawakuwa wanafunzi hao. Dakika chache baada ya kupandisha, mtandao wa ndani wa klasta ulisambaratika, wakahangaika, na mwishowe wakairejesha klasta nzima kutoka kwenye nakala ya akiba. Sababu ilikuja kujulikana baadaye: toleo la 1.24 liliacha kuziwekea nodi za usimamizi lebo ya zamani yenye neno master, na mpangilio wa Calico, mfumo uliokuwa ukisambaza njia za mtandao, ulikuwa unazitafuta nodi hizo kwa lebo hiyohiyo. Lebo ikaondoka, njia zikaondoka nayo. Tangazo kwamba lebo ile itaachwa lilikuwa limetolewa tangu toleo la 1.20, mwishoni mwa 2020.

Kisa hicho hakiwafanyi wahandisi wa Reddit kuwa wazembe. Kinaonyesha kwamba mpangilio uliofanywa na mtu aliyeondoka zamani, kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua, una nguvu ya kuangusha huduma ya mamilioni ya watu. Ndiyo maana kubadilisha toleo bila kusoma maelezo ya toleo ni hatari, na ndiyo maana mpangilio wote lazima ukae kwenye Git na usikae kichwani mwa mtu mmoja.

Nirudi kwa podi yako. Kuna wakati wa kusoma na wakati wa kuokoa, na mhandisi mzuri hujua upi ni upi. Kama huduma ilianguka mara tu baada ya toleo jipya kuingia, na watu wanashindwa kulipa hospitalini, hifadhi yale mafaili matatu kisha andika kubectl rollout undo. Rudisha toleo la jana, watu wapumue, halafu usome kwa utulivu. Lakini chunguza kwanza kama toleo jipya limebadilisha jedwali la hifadhidata, kwa kuwa programu ya jana huenda isilielewe jedwali la leo. Na usiite toleo lolote latest. Timu inayopeleka latest kwenye uzalishaji haijui jana ilikuwa inaendesha nini, kwa hiyo haina mahali pa kurudi.

Wala sisemi kwamba kuwasha upya ni dhambi. Ukibadilisha ConfigMap inayosomwa kama vigezo vya mazingira, podi hazitaona mabadiliko mpaka ziwashwe upya, na kubectl rollout restart ndiyo njia yake, hatua kwa hatua bila kukata huduma. Tofauti ni kwamba hapo unajua kwa nini unafanya.

Reddit waliandika kisa chao chote hadharani, pamoja na sehemu zinazouma, na ndiyo sababu mimi na wewe tunaweza kukisoma. Fanya hivyo kwenye timu yako. Huduma ikirudi, siku hiyohiyo, andika kurasa mbili: ilianza saa ngapi kwa UTC na kwa saa zetu, dalili ilikuwa nini, nani aliathirika, sababu ilikuwa nini, na ni amri gani iliyotibu. Usimtaje mtu kwa kumlaumu. Iandike kwa lugha ambayo timu yenu inaizungumza, hata kama ni Kiswahili kilichojaa majina ya amri, na iweke mahali ambapo mgeni ataikuta siku yake ya kwanza kazini. Kisha umpigie simu mama wa Kariakoo, umwombe radhi, na umrudishie pesa yake.